IST: tairi za mbele zinalika ndani, na alaimenti imeshafanywa

Mwanauyole
Wakuu, habari zenu. Nina IST, tairi 175/65R14. Nilipandisha mbele kwa spesa za inchi moja na nusu kwa sababu ya njia za vijijini Rungwe, kisha gereji moja hapa mjini ikafanya alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa tairi. Usukani umenyooka na gari haivuti upande, lakini tairi zote mbili za mbele zimebaki kipara ukingo wa ndani, wakati nje kashata (meno ya tairi) bado nzima. Fundi mmoja anasema ni kona za Tukuyu, mwingine anasema upepo. Nianzie wapi?

Mzee wa Gereji, Mafinga
Mkuu, kona hula bega la nje, siyo la ndani. Upepo mdogo hula mabega yote mawili, ukizidi hula katikati. Hivyo viwili viondoe.

Usukani kunyooka hakuthibitishi kitu. Tairi zote mbili zikiangalia nje kwa kiasi kilekile, zinashindana nguvu sawa, gari inakwenda mbele vizuri huku mpira unasagika. Umbali kati ya tairi mbili ukitofautiana mm 3 tu ukipimwa mbele na nyuma yake, inatosha: kwa saizi yako kila tairi inaburuzwa kando kama mita 2.5 katika kila kilomita. Hapo hata tairi ya bei kubwa haiponi.

Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Ukikwaruzwa ukienda ndani na kuteleza ukirudi, tairi zinaangalia nje. Ikiwa laini pande zote ila imelala kama mteremko, shaka kemba, yaani mlalo wa tairi.

Mwanauyole
Inakwaruza kwenda ndani, tena sana. Karatasi ya mashine sikupewa.

Spana 17
Basi dai karatasi, ya kabla na ya baada. Bila namba hizo umelipia kunyooshewa usukani tu.

Spesa zinabadilisha pembe ya tairodi (fimbo inayosukuma tairi ukikata usukani), kwa hiyo mwelekeo wa tairi unahama, ndiyo maana lazima upimwe upya. Lakini kabla ya kurudi kwenye mashine, kagua uchakavu. Inua mbele, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi kushoto na kulia, uitikise: ikicheza, angalia tairodi endi na raki endi, yaani maungio ya nje na ya ndani ya tairodi. Shika juu na chini: ikicheza ni boljointi (kiungo cha amu na tairi) au beringi. Kisha tia mtaimbo kwenye bushi (mpira wa maungio) ya nyuma ya amu ya chini, mkono wa chuma unaoshikilia tairi. Hii ndiyo inayosahaulika. Mashine inapima gari ikiwa imesimama. Bushi ikiwa imepasuka, ukishika breki kwenye mteremko amu inarudi nyuma na kipimo chote kinabadilika. Ukirekebisha alaimenti juu ya bushi mbovu umetupa hela.

Kemba ya IST haina skrubu ya kurekebisha. Ikipishana kushoto na kulia zaidi ya robo tatu ya nyuzi, tafuta shokapu au amu iliyopinda. Boli nyembamba za kubadilishia kemba, zinazowekwa badala ya za kiwandani, zije mwisho, siyo za kuficha amu iliyopinda.

Njombe Baridi
Unaweza kuhakiki mwenyewe kwa futi. Sakafu iwe tambarare, usukani katikati, upepo sawa na stika ya nguzo ya mlango wa dereva, upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Chora alama katikati ya kashata, mbele ya kila tairi, kwenye kimo cha ekseli. Pima alama hadi alama. Sukuma gari mbele hadi alama zilezile zifike nyuma kwenye kimo hicho, pima tena. Namba ya mbele ikiwa kubwa, zimefunguka, yaani zinaangalia nje. Usirudishe gari nyuma katikati ya kupima, bushi zitakudanganya.

Kurekebisha: legeza nati ya kufungia, zungusha tairodi robo mzunguko, pande zote mbili sawa, sukuma gari, pima upya. Ukizungusha upande mmoja tu, usukani utakaa upande.

Mwanauyole
Hizi tairi zinafaa tena?

Mzee wa Gereji, Mafinga
Waya zikionekana, tupa. Zikiwa hazijaonekana na tairi haina mshale wala maandishi ya upande wa nje, igeuzwe kwenye rimu, ibalansiwe, ihamie nyuma. Lakini bushi kwanza.