Mlioenda atachi Mombasa, wikendi mlikuwa mnaziendeshaje? Tupeane uzoefu

mgeni_wa_Kitale
Salamu zenu wana Mombasa. Mimi niko mwaka wa tatu, nasoma biashara, nimepata atachi, yale mafunzo ya kazini ya chuo, ya wiki kumi na mbili kwa kampuni ya kliaringi, wale wa kutoa mizigo bandarini, hapo mjini, naripoti Jumatatu ijayo. Malipo hakuna, chakula cha mchana ni juu yangu, na hata bima ya ajali wamesema nije nayo. Ntakaa Kisauni kwa mamangu mdogo. Sasa kila ninayemwambia naenda Mombasa anacheka ati wewe unaenda kuoga bahari, atachi ni kisingizio. Nataka nisikie kwa walioifanya kweli, wikendi mlikuwa mnafanyaje, mlipumzika ama mlikuwa mnalala tu, na pesa je? Semeni ukweli tafadhali, hata kama mlijiaibisha.

mtoto_wa_feri
Mimi hapa wa kujiaibisha. 2022, kampuni ya mizigo upande wa Changamwe, nakaa Likoni kwa kina beshte yangu. Naamka saa kumi na moja, navuka feri, watu wa miguu hatulipi kwa hivyo nauli yangu ilikuwa ni matatu tu kutoka feri mpaka kazini. Wiki mbili za kwanza nlikuwa mtu wa maana kabisa. Alafu Jumamosi moja tumefunga saa saba vijana wa ofisi wakasema twende Pirates, ule ufuo wa Bamburi. Mfukoni niko na mia nane, ndo nauli ya wiki nzima. Tunafika, kusi linavuma, mwani umejaa ufuoni mpaka huoni mchanga, maji rangi ya chai ya maziwa, lakini nani anajali, kuna viazi karai, kuna mihogo ya kukaanga imepigwa pilipili na ndimu, kuna mziki. Mia mbili nikalipa ngamia. NGAMIA jamani. Mimi niliyezaliwa Isiolo, kwenye ngamia tele, nikalipa kupanda ngamia Mombasa, nikapigwa na picha. Jumatano mpaka Ijumaa nikapiga mguu feri hadi Changamwe, kuvuka Makupa na jua la asubuhi linanichoma, nafika shati limeniganda mgongoni kama nimetoka kuogelea.

Na hiyo si aibu yenyewe. Aibu ni kile kitabu cha atachi. Unatakiwa ujaze kila siku ulichofanya, supavaiza asaini kila wiki. Mimi kila Ijumaa nasema ntajaza Jumapili, Jumapili niko Shelly Beach. Wiki ya sita mhadhiri anapiga simu, nakuja kesho. Nikakesha na kalamu tatu, ya bluu, nyeusi, na bluu ya kukoza, nabadilisha badilisha ionekane ni siku tofauti. Mzee akafika, akapitisha kidole gumba kwenye ukurasa wa kwanza, akakiangalia, kina wino. Hakusema kitu. Akafungua tena, akaniuliza kwa upole, "Tarehe moja Juni uliandaa nyaraka za kontena sita?" Nikasema ndio mwalimu. Akaniuliza, "Madaraka Dei, sikukuu ya taifa?"

bint_piko
😂😂😂 Madaraka Dei wallahi nimecheka mpaka mamangu amekuja kuniangalia.

Mimi mzaliwa wa hapa hapa kwa hivyo shida yangu haikuwa bahari, bahari naiona tangu nizaliwe. Shida yangu ni harusi. Mgeni wa Kitale hujui, kwetu wikendi si yako, ni ya ukoo. Mtu akiolewa ni kupaka hina, ni kupamba, ni ngoma, ni biriani ya wanaume mchana na sisi usiku, na usipotokea mashangazi watalisema mpaka uzeeke. Atachi yangu ilikuwa kwa ofisi ya wakaguzi wa hesabu. Kuna wikendi nlikuwa na harusi mbili, Mji wa Kale na Majengo, Jumapili nimelala saa tisa usiku, Jumatatu saa mbili asubuhi niko ghalani Shimanzi kuhesabu mchele wa mteja. Mikono yote piko, ile rangi ya mapambo ya harusi, mpaka kwenye viwiko, nyeusi tititi, wapakiaji wananiita bi harusi.

Gunia zimepangwa vizuri kama ukuta. Nikahesabu mbele kumi, ubavuni sita, kwenda juu kumi na mbili, nikapiga kwa simu nikapata 720, nikaandika, nikaegemea ukuta nikafunga macho kidogo. Supavaiza wangu, dada mmoja mkali hivi lakini ana roho, akaja akaangalia karatasi, akavua viatu, akapanda ule mrundo mwenyewe. Kufika juu akaniita, "Njoo uone." Katikati kuna shimo, mtu anaweza kushuka ndani akakaa. Gunia hazifiki hata mia sita. Sikuwahi kusahau tena, mrundo haupigiwi hesabu kwa nje, unaupanda. Lakini pia nlijua moyoni ningekuwa nimelala vya kutosha usiku ningeupanda mwenyewe, maana darasani tulifundishwa.

Baada ya hapo nlianza kumwambia dada mapema, wiki hii nina harusi Jumamosi, na yeye akawa ananipa kazi ya mezani Jumatatu, ya ghalani Jumanne. Nlikuwa naogopa kusema bure tu. Na Ijumaa usijisumbue kupanga kitu kizito saa sita unusu mpaka saa nane, watu wako msikitini.

ofu_ya_jumanne
Nyie mnaongea wikendi, mimi nlikuwa hoteli ya Bamburi, upande wa hesabu, Julai na Agosti. Hotelini Jumamosi na Jumapili ndo wageni wamejaa, ofu yangu ilikuwa Jumanne. Jumanne marafiki wako wote wako kazini, unakaa pwani peke yako na kitabu kama mzee aliyestaafu. Nlinung'unika mwezi mzima. Alafu nikagundua Jumanne ufuo ni mtupu, madafu hayana foleni, na matatu unakaa kiti cha dirisha bila kugombana. Siku hizi nina kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa na ile Jumanne naikumbuka sana.

majengo_chicago
Niko mbali kidogo lakini acha nichangie. Mimi wa Majengo, sasa hivi nasoma MBA, digrii ya pili ya biashara, Chicago, na huku nayo iko, wanaita intanshipu ya majira ya joto. Unaenda kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, Juni hadi Agosti, wiki kumi mpaka kumi na mbili, na unalipwa, tena vizuri, kwa sababu kampuni inakupima kama itakuajiri ukimaliza. Sisi wa viza ya F-1, ya wanafunzi wa kigeni, lazima chuo kitupe kibali cha kufanya kazi kinaitwa CPT kabla hujatia mguu ofisini, ukianza bila hicho umejiharibia mwenyewe.

Nlichotaka kusema ni hivi. Huko nyumbani nlipofanya atachi wakati wa digrii ya kwanza, wikendi ilikuwa wikendi. Bosi wangu tukikutana pale ufuoni Mama Ngina na familia yake ananinunulia mihogo na haulizi kazi. Huku wanakupeleka wenyewe kustarehe, boti Ziwa Michigan, mechi ya besiboli, chakula cha jioni, na wewe unafikiri umepumzika kumbe bado unaangaliwa, unaongea na nani, unakunywa kiasi gani, umemkumbuka jina yule mkubwa mliyesalimiana wiki iliyopita. Narudi chumbani Jumapili nimechoka kuliko Ijumaa. Mara ya kwanza nlielewa kwa nini wazee wetu wanakaa na kikombe cha kahawa chungu masaa matatu bila kuuza wala kununua kitu. Basi nikajiwekea, Jumapili asubuhi simu iko kwenye droo, napika mahamri, yanatoka magumu kama mawe lakini nayala.

mzee_wa_dokumenti
Mimi niko upande wa pili, napokea hawa vijana kila mwaka kwenye ofisi ya kliaringi. Kitale nisikilize. Meli haijui wikendi. Siku za bure za kontena zikiisha bandarini inaanza gharama ya uhifadhi, na mwenye kontena naye anadai demareji yake, yaani malipo ya kucheleweshewa kontena, na zinahesabiwa Jumapili kama Jumatatu. Kwa hivyo Ijumaa jioni ukiambiwa ubaki, baki, si kwamba tunakuonea. Ila Jumamosi asubuhi ndo siku nzuri ya kujifunza, simu zimetulia, hata mimi nina subira ya kukuonyesha kwa nini kosa la tarakimu moja kwenye namba ya kontena linaweza kulalisha mzigo wa mtu. Vijana wengi Jumamosi wanakuwa "wagonjwa". Saa saba tukifunga enda zako, ukinipigia Jumapili kuniuliza kazi pia sitashika.

Na nauli ya wiki mpe mamako mdogo akuwekee, awe anakupa ya siku.

bint_piko
Hapo mzee umesema. Na Kitale, kama unataka starehe ya bei nafuu enda Fort Jesus na kitambulisho, mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni, alafu shuka Mji wa Kale kwa miguu jioni, ununue kachri na kahawa. Usikae upwani na begi peke yako maji yakiwa yanajaa.

mgeni_wa_Kitale
Ahsanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nimeshanunua kalamu, MOJA. Nauli nimemwambia mamangu mdogo aniwekee, amekubali, ila amesema Jumamosi yangu ya kwanza tayari kuna harusi ya jirani na mimi ndo ntabeba sufuria za biriani.

mtoto_wa_feri
Ukipita kwa ngamia mwambie Isiolo anamsalimia.