Je, katibu aliyetafuta fedha, mitumbwi na kibali si mtayarishaji wa filamu?

Binti wa Igombe:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi. Nimeajiriwa na studio moja ndogo hapa Mwanza mjini, na barua yangu ya ajira inasema mimi ni katibu muhtasi. Mwaka jana studio ilitengeneza filamu kuhusu wavuvi wa dagaa. Aliyeandika bajeti ni mimi, aliyepatana na wenye mitumbwi ni mimi, aliyehangaikia kibali ni mimi, na fedha zilipokwisha katikati ya kazi, aliyekwenda kumbembeleza mama ntilie aendelee kutulisha kwa mkopo ni mimi pia.

Bosi alikuwa amekwisha kupanga tarehe za kupiga picha usiku, wakati taa za wavuvi zimetanda ziwani. Nilipotazama kalenda nikaona siku hizo zinaangukia kwenye mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hukaa nchi kavu kwa kuwa dagaa hawazifuati taa mwezi ukiwa unawaka. Niliisogeza ratiba yote kwa siku 12, nikawapigia simu watu 23, mmoja baada ya mwingine. Filamu ilipooneshwa, jina langu lilitokea mwishoni kabisa, chini ya dereva: "msaidizi wa ofisi".

Sitafuti ugomvi na mtu. Naomba tu kujua kazi niliyoifanya inaitwaje, na kama yupo mwanamke aliyeanzia kwenye meza ya ukatibu kama yangu akawa mtayarishaji wa filamu.

Mwalimu wa Nyegezi:

Marahaba, binti. Yupo, na meza yake ilifanana na yako kuliko unavyodhani. Alice Guy alizaliwa mwaka 1873 huko Saint-Mandé, kando ya Paris. Baba yake alikuwa na biashara ya vitabu nchini Chile. Biashara ikaanguka, baba akafariki, na binti akajifunza kupiga chapa na hatimkato ili apate riziki. Mwaka 1894 aliajiriwa kuwa katibu katika kampuni ya vifaa vya picha, ambayo mwaka uliofuata ilichukuliwa na Léon Gaumont. Machi 1895 alikuwa miongoni mwa walioalikwa kutazama picha zinazotembea za ndugu Lumière, zilizoonesha wafanyakazi wakitoka kiwandani, akajiuliza kwa nini chombo kile kisitumike kusimulia hadithi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipoomba ruhusa ya kujaribu alikubaliwa kwa sharti kwamba barua za ofisi zisilale.

Kuanzia hapo hadi alipoondoka Ufaransa mwaka 1907 alisimamia utengenezaji wa filamu wa kampuni nzima: kuchagua visa, kuajiri watu, kuongoza, hata kufanya majaribio ya filamu zilizoambatanishwa na sauti ya santuri. Mwaka 1906 alitengeneza filamu ya maisha ya Yesu yenye mandhari 25 na waigizaji wa ziada wapatao 300. Hebu wewe uliyewapigia simu watu 23 fikiria hao 300.

Baada ya kuolewa na Herbert Blaché alihamia Marekani, na mwaka 1910 akaanzisha kampuni yake, Solax. Miaka miwili baadaye alijenga studio huko Fort Lee, New Jersey, kwa zaidi ya dola 100,000, akatundika kibao cha kuwataka waigizaji wawe wa kawaida, wasijilazimishe. (Kibao hicho kingetufaa sana katika baadhi ya tamthilia zetu.)

Sehemu inayokuhusu zaidi ni ya mwisho. Biashara ya filamu ilihamia California, fedha zikapotea, ndoa ikavunjika, na mwaka 1922 akarudi Ufaransa na watoto wawili, asipate wa kumwajiri. Kazi zake nyingi ziliandikwa kwa majina ya wanaume, nyingine zikapotea kabisa, na uzeeni alihangaika kuandika barua na kuorodhesha filamu zake kwa kumbukumbu ya kichwa. Alifariki mwaka 1968 akiwa na miaka 94. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1976. Kwa hiyo orodhesha sasa, karatasi zingali mkononi mwako.

Mpiga Picha wa Kirumba:

Namheshimu Mwalimu, lakini tusimpe binti cheo kwa huruma. Alice Guy wa Solax aliweka fedha zake na jina lake rehani. Mtayarishaji ndiye anayebeba filamu kuanzia wazo hadi inapouzwa, na mambo yakiharibika yeye ndiye anayedaiwa. Aliyepanga ratiba, mitumbwi na chakula kwa fedha za mwingine huitwa meneja wa uzalishaji, nacho ni cheo cha heshima, ingawa si kile ulichoulizia. Ukitaka mfano wa karibu, tazama Binti ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Seko Shamte. Watayarishaji wake ni Alinda na Angela Ruhinda, ndugu wawili Watanzania.

Mama wa Kayenze:

Mimi nauliza jambo moja tu: ombi la kibali lililokwenda Bodi ya Filamu lilisainiwa na nani? Na mwanangu, safari nyingine usikanyage mtumbwi kabla mkataba haujaandika jina lako litakavyosomeka mwishoni mwa filamu.

Binti wa Igombe:

Nawashukuru wote, na kauli ya Mpiga Picha imenifanya nirudi kwenye makabrasha. Ombi la kibali lina saini yangu. Mapatano na wenye mitumbwi yana saini yangu. Daftari la mama ntilie lina jina langu, na salio la shilingi 86,000 lililobaki nililipa kutoka kwenye mshahara wangu wa Februari, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisimamishwa naye pale sokoni Mwaloni kila nikipita. Studio haijanirudishia mpaka leo.

Mpiga Picha wa Kirumba:

Basi ule umeneja naufuta. Piga nakala ya kila ukurasa wa daftari hilo, uende nazo kwa bosi kabla filamu haijapelekwa kuoneshwa kwingine.