Dirisha la paa linavuja: silikoni, Sikaflex au tepu ya butili?

Mkazi wa Ilazo
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Nina gari la kulala nililolinunua likiwa limetumika, na tangu mvua za Desemba zianze, dirisha la paa lililo juu ya kitanda linadondosha maji. Ningependa kulitumia kuipeleka familia Kolo, Kondoa, kutazama michoro ya miambani, kwa hiyo nataka kulitengeneza kabla ya safari. Duka moja hapa mjini lina silikoni nyeupe, jingine lina Sikaflex, ile gundi ya kuzibia inayokauka kama mpira, na jamaa yangu wa Dar es Salaam yuko tayari kunitumia tepu ya butili, ule utepe laini wa mpira unaonata. Nichukue ipi?

Fundi wa Kizota
Ndugu, umetaja dawa kabla ya ugonjwa. Paa ni la bati au la faiba? Gari ni aina gani? Ukingo wa dirisha ulishawahi kupakwa kitu? Maji yanaanza kutoka mvua inapokolea, au hata mvua ndogo inatosha?

Mama Mtera
Mimi sihitaji majibu hayo ili kusema butili. Fungua skrubu, toa fremu nzima, kwangua uchafu wa zamani, futa kwa spiriti, kisha zungusha tepu chini ya fremu na kurudisha skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe. Butili haigandi, hivyo inafuata mwendo wa paa na plastiki vinapotanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku. Baada ya siku chache kaza tena kidogo, ukate ile iliyochomoza. Usikaze kwa hasira, fremu za plastiki hupasuka.

Mstaafu wa Mpwapwa
Naunga mkono, hasa kuhusu kutoa fremu. Gereji moja ilinipakia silikoni juu ya ukingo wa zamani bila kufungua skrubu hata moja, nikalipa, nikaridhika, kwa kuwa ulikuwa mwezi Mei na huku kwetu hakuna mvua ya kuijaribu kazi mpaka mwisho wa mwaka. Mvua ya kwanza iliponyesha, maji yalipita kati ya paa na dari, yakajitokeza kwenye taa iliyo mbali kabisa na dirisha, na fundi akashikilia kwamba kosa ni la taa. Taa ikafunguliwa, ikarudishwa. Kisha akalaumu boliti za keria. Wakati huo wote plaiwudi ilikuwa inavimba na kuota ukungu, nasi tukilala chini yake. Hatimaye fremu ilipotolewa, mabaki ya silikoni yalikataa kushika gundi yoyote, hata silikoni mpya, na kuyakwangua ndiko kulikokuwa kazi kubwa kuliko kuziba kwenyewe.

Mhandisi wa Area D
Mzee wangu, shikamoo. Hapo lawama ni ya fundi zaidi kuliko silikoni, ingawa ile inayonuka kama siki hutoa asidi inayochochea kutu kwenye bati lililo wazi. Mimi napendelea Sikaflex, kwa sharti moja: isiguse kioo chenyewe cha plastiki. Watengenezaji wa Sikaflex-221 wanaonya isitumike kwenye akriliki na polikaboneti, kwa sababu plastiki hizo huweza kupata nyufa.

Mama Mtera
Na siku utakapotaka kuitoa fremu hiyo, utaikata kwa waya. Butili inaachia.

Mkazi wa Ilazo
Nawashukuru. Ni Fiat Ducato kutoka Uingereza, paa ni la faiba, tundu ni sentimita 40 kwa 40. Ukingo una kitu cheupe kilichopakwa na mwenye gari wa kwanza. Nimesahau kusema kwamba asubuhi nyingine tunakuta matone hata pasipo mvua.

Fundi wa Kizota
Hilo ndilo lilipaswa kutangulia! Matone yasiyo na mvua ni mvuke wa pumzi za waliolala. Jaribu hivi: gari likiwa kavu, mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji taratibu kwa mpira, akianzia chini ya dirisha na kupanda juu, bila mashine ya kuoshea magari. Kuhusu kile cheupe, kikivutika kama mpira na rangi ikakataa kushika juu yake, ni silikoni, na itabidi yote itoke.

Mkazi wa Ilazo
Nitajaribu Jumamosi. Nikishafungua, nilitaka pia kuziba yale matundu madogo ya pembeni mwa fremu, kwani vumbi la Dodoma linaingia hapo.

Mhandisi wa Area D
Usiyazibe. Hayo yamewekwa makusudi ili hewa ipite, na kama mnapikia gesi ndani, ni usalama wenu.

Mstaafu wa Mpwapwa
Mimi niliyawekea wavu laini wa mbu. Vumbi limepungua.

Mhandisi wa Area D
Wavu nao hujaa vumbi, mzee, na ukijaa ni sawa na kuziba. Unausafisha mara ngapi?