Ninastaafu baada ya miezi 7: tuendelee na bima ya kazini, tuhamie kifurushi cha bei nafuu, au tujilipie wenyewe?

Mstaafu Mtarajiwa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri wenu katika jambo ambalo mimi na mke wangu tumelizungumza kwa majuma kadhaa bila kufikia uamuzi. Nina umri wa miaka 59 na nitastaafu baada ya miezi 7. Bima ya afya tunayoitumia sasa hulipiwa na mwajiri, na ofisi ya utumishi imenieleza kwamba itakoma siku ile ile ajira yangu itakapokoma, wala si mwisho wa mwaka kama nilivyokuwa nikidhani.

Nina shinikizo la damu kwa mwaka wa 11 sasa na ninameza vidonge vya aina mbili kila siku. Mke wangu ana miaka 56 na ana kisukari; daktari wa macho amemwambia kuwa jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho, ingawa upasuaji bado haujawa wa lazima. Kijana wetu wa mwisho ana miaka 22 na yuko chuoni.

Mbele yetu kuna njia tatu. Kampuni ya sasa inaturuhusu kuendelea kama wanachama binafsi bila kupimwa upya, mradi tuombe ndani ya siku 30 baada ya ajira kukoma, lakini ada yake itakula karibu theluthi moja ya pensheni yangu. Kampuni nyingine ilimtuma wakala wake nyumbani akiwa na kifurushi ambacho ada yake ni nusu ya hiyo na ukomo wake wa mwaka, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa, ni mkubwa zaidi, isipokuwa magonjwa tuliyo nayo tayari yatasubiri miezi 12 kabla ya kulipiwa. Njia ya tatu, ambayo mke wangu anaielekea, ni kutenga sehemu ya kiinua mgongo katika akaunti ya peke yake na kujitibu kwa fedha zetu, kwa kuwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kulazwa kati yetu. Je, tuangalie nini kwanza, na nini baadaye?

Mchakata Madai alijibu:

Ndugu, hongera kwa kufika hapo ulipofika. Nimefanya kazi ya kuchakata madai ya bima kwa miaka 17, na kabla ya kusema lolote kuhusu ada ninakuomba uziandike zile siku 30 mahali utakapoziona kila asubuhi. Hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote ulivyovitaja.

Katika bima ya kundi, kampuni humpokea kila mfanyakazi bila kumuuliza habari za afya yake, kwa sababu wazima na wagonjwa huingia pamoja na wazima huwabeba wagonjwa. Mtu akija peke yake, tena akiwa na miaka 60, presha na kisukari ndani ya nyumba, kampuni ina haki ya kumuuliza, kumpima, kumwongezea ada, kumwondolea baadhi ya magonjwa au kumkataa kabisa, isipokuwa pale sheria inapoizuia. Wewe umepewa nafasi ya kutoka katika kundi bila kupita kwenye mlango huo. Siku ya 31 nafasi hiyo imekwisha, na mikataba mingi ina umri wa mwisho wa kujiunga, kwa hiyo huenda usiipate tena popote.

Kuhusu kifurushi cha pili, usihukumu kwa ukomo wa jumla ulioandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza. Omba mkataba wenyewe, si kipeperushi, kisha ufungue jedwali la mafao usome viwango vya ndani. Nitakupa mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida husafishwa damu mara 3 kwa juma, kila mara kwa saa 4 hivi, yaani mara 156 kwa mwaka. Mkataba ule ulikuwa na ukomo wa jumla wa kumtosha mtu yeyote, lakini ndani ya jedwali kulikuwa na mstari mmoja uliosema: kusafisha damu, vipindi 40 kwa mwaka. Vipindi 40 huisha katika juma la 14. Familia ilikuja ofisini na ile karatasi ya ukurasa wa kwanza mkononi, wakiwa wamepigia mstari ile namba kubwa, nasi hatukuwa na la kuwapa. Ninakueleza hili kwa sababu kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi viwili vikuu vya figo kushindwa kazi, na vyote viwili viko nyumbani kwako. Tafuta mstari huo, kisha mistari ya saratani, moyo, upasuaji wa macho na dawa za magonjwa sugu.

Ile miezi 12 nayo iulizie kwa maandishi: je, inahusu ugonjwa peke yake au na matokeo yake? Mtu mwenye presha ya miaka 11 akipata kiharusi mwezi wa nne, kampuni inaweza kusema kiharusi hicho kimezaliwa na presha, na madai yakakataliwa. Na kama wakala atakushauri uache nafasi ya magonjwa wazi ili fomu ipite haraka, usikubali hata kidogo, kwani ugonjwa uliofichwa ni sababu inayoweza kuubatilisha mkataba mzima, na kwa kawaida hugunduliwa siku ambayo mgonjwa yuko kitandani.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mdogo wangu, nimekutangulia miaka 9 katika safari hii, basi niruhusu niongeze yale ambayo hayaonekani mpaka mtu ayaishi.

Watu wa umri wetu tukichagua bima hufikiria kulazwa. Kulazwa kupo, lakini kinachomaliza fedha polepole ni dawa za kila mwezi, vipimo vya damu, na kumwona daktari bingwa kila baada ya miezi mitatu. Chukua vyeti vyenu vya dawa, vya kwako na vya mkeo, ulinganishe dawa moja moja na orodha ya dawa zinazolipiwa na kila kampuni. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Kampuni inaweza kulipia kundi fulani la dawa za presha na kuiacha ile moja unayoitumia wewe.

Mume wangu alivunjika nyonga akiwa na miaka 70. Upasuaji ulilipiwa wote, na tukashukuru. Baada ya hapo ikaja fizioterapia, ambayo ndiyo inayomrudisha mtu kwenye miguu yake, na mkataba wetu ulilipia vipindi 6 tu. Kifaa cha kutembelea hakikuwamo. Mtu wa kumsaidia kuoga na kuvaa kwa ile miezi mitatu hakuwamo pia, kwa sababu bima nyingi za afya hulipia tiba, na kumhudumia mtu nyumbani huhesabiwa kuwa jambo jingine. Kwa hiyo akiba anayoipendekeza mkeo ina mahali pake, ila mahali pake ni hapo kwenye mapengo. Haiwezi kuwa badala ya bima.

Jambo ambalo sijaona ukiliuliza ni hili: mkeo ni mtegemezi kwenye kadi yako. Ukitangulia wewe, na Mungu akupe umri mrefu, je, bima yake inaendelea au inakufa pamoja na mwanachama mkuu? Yeye ana miaka 56, nawe utakuwa na 60. Ipo mikataba inayomwachia mjane hadi mwisho wa mwaka uliolipiwa tu, na baada ya hapo aombe upya kama mgeni, akiwa na umri mkubwa na kisukari chake. Ninakusihi usiweke sahihi kabla ya kupata jibu la swali hilo kwa barua.

Halafu itumieni miezi 7 iliyobaki. Fanyeni uchunguzi kamili wote wawili, na mumuulize daktari wa macho waziwazi kama jicho hilo linaweza kufanyiwa upasuaji sasa bila madhara yoyote. Si vema kumkimbiza mtu kwenye kisu kwa sababu ya bima, lakini daktari akisema ni sawa kitabibu, basi lifanyike bima ya kazini ingalipo. Orodha ya hospitali nayo msiichukue kwa kampuni peke yake. Pigeni simu kwenye hospitali mnayoitegemea muulize dirisha la bima kama wanaipokea kadi hiyo leo. Sisi tuligundua usiku, mapokezi, kwamba hospitali yetu ilikuwa imeshatolewa kwenye orodha.

Mwalimu wa Hesabu alijibu:

Naomba nichangie upande wa namba. Theluthi moja ya pensheni inauma, lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni theluthi hiyo itakuwa kiasi gani baadaye. Ada ikipanda kwa asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka 9 itakuwa imejirudufu. Pensheni isipoongezeka, ukifika miaka 69 theluthi moja imekuwa theluthi mbili. Ikipanda kwa asilimia 4, hali hiyo huifikii mpaka miaka 78 hivi. Kwa hiyo ziombe kampuni zote mbili vitu viwili: ada za kifurushi hicho hicho kwa miaka 5 iliyopita, na jedwali la ada kwa makundi ya umri, maana kampuni nyingine hupandisha ada kwa hatua kubwa mwanachama anapovuka 65 au 70. Uliza pia kama mkataba unahuishwa maisha yote au una umri wa kutolewa. Bima inayokutoa ukiwa na miaka 75 imekulinda katika miaka ambayo ulikuwa na nguvu kuliko ile inayofuata.

Ada ya njia ya kwanza inaweza kupunguzwa bila kuivunja. Mnalipia mafao ya uzazi? Mkeo ana miaka 56. Yaondolewe kama mkataba unaruhusu. Chumba cha peke yako, miwani na meno ni vitu ambavyo akiba inaweza kuvibeba. Kijana akatiwe bima yake mwenyewe, kwa kuwa kwa umri wake huwa nafuu, na hata hivyo mikataba huwaondoa wategemezi wakifikia umri fulani. Mnaweza pia kukubali kuchangia sehemu ya kila matibabu, kwa mfano 10 katika kila 100, lakini hakikisheni mchango huo una kikomo kwa mwaka. Asilimia 10 ya kumwona daktari ni jambo dogo. Asilimia 10 ya upasuaji wa moyo bila kikomo inaweza kuimaliza akiba yote kwa siku moja.

Kuhusu njia ya tatu, ninamheshimu shemeji na hoja yake, lakini kutolazwa kwa miaka 30 hakusemi lolote kuhusu miaka 20 ijayo. Akiba hufaa kwa gharama ndogo zinazojirudia. Bima hufaa kwa ile kubwa ambayo huenda isije kabisa, na ikija haigawanyiki. Tena kuna tofauti moja inayotosha kuamua suala hili. Ukiichagua njia ya kwanza, unaweza kuiacha mwezi wowote na kwenda ya pili au ya tatu. Ukiichagua ya tatu, huwezi kurudi kwenye ya kwanza. Mifumo mingi imewekwa hivyo kwa makusudi, ili watu wasingoje waugue ndipo wajiunge. Kule Marekani, aliyechelewa kujiunga na sehemu ya B ya Medicare, bima ya afya ya serikali inayohudumia hasa wazee, bila kuwa na bima nyingine inayokubalika huongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na kwa kawaida nyongeza hiyo humfuata kwa muda wote atakaokuwa mwanachama. Nchini Australia, anayekata bima binafsi ya hospitali akiwa amevuka miaka 30 huongezewa asilimia 2 kwa kila mwaka aliochelewa, hadi asilimia 70.

Mstaafu Mtarajiwa alijibu:

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Leo tumekaa mezani na mikataba yote miwili. Kwenye kifurushi cha pili kusafisha damu kumewekewa vipindi 30, na dawa moja ya mke wangu haimo kwenye orodha yao. Kampuni ya sasa imenijibu kwa simu kwamba nikifariki, mke wangu ana siku 30 za kuomba kuwa mwanachama mkuu bila kupimwa. Nimewaomba waandike hayo kwenye barua, nao wameahidi. Tumekubaliana kuendelea nao, kuondoa uzazi, meno na miwani, kumkatia kijana bima yake, na kuanzisha akiba kwa ajili ya yale aliyoyataja dada muuguzi. Mke wangu ameridhika baada ya kusoma habari za fizioterapia. Limebaki swali moja: tulipe kwa mwezi au kwa mwaka?

Mchakata Madai alijibu:

Kama kiinua mgongo kinaruhusu, lipeni kwa mwaka. Kama hamuwezi, ipeni benki maagizo ya kukata ada siku ile ile pensheni inapoingia. Ada ikichelewa kupita muda wa ziada ulioandikwa kwenye mkataba, bima hukatika, na mkirudi mnaweza kuhesabiwa kuwa wapya, pamoja na vipindi vyote vya kusubiri. Na kabla hujakabidhi kadi ya kazini, chukua kwa mwajiri barua inayoonyesha tarehe ambayo bima yenu ilianza na tarehe iliyokoma, kwa majina yenu wote wawili. Wekeni nakala mbili, moja ikae kwa mkeo.