Zamu ya maji na trekta ziingie kwenye simu au tubaki na daftari? Tujadili

Wadau habari za saa hizi, naandika kutoka huku Muheza. Kijiji chetu kina kisima cha sola, trekta moja, mashine ya kukoboa na ghala la mahindi, vyote mali ya wote. Sasa vijana wameleta programu, unaona zamu yako, ndoo ulizochota, masaa ya trekta, magunia yaliyobaki. Wazee wamegoma, vijana wanasema wazee wanaogopa kuumbuka. Mi nasema tukubali ila kwa masharti. Nyie je?

— Kataeni. Mama yangu ana kiswaswadu, akitaka kujua zamu yake akambembeleze mjukuu? Daftari linasomwa kwenye mkutano mkuu kila miezi 3, mtu ananyanyuka anasema hapo mmeniibia, basi linarekebishwa hapo hapo.

— Daftari gani mkuu, hilo linalochanika lenyewe? Huku Pangani letu lililiwa na mchwa mara tu tulipoanza kuulizia hela ya dizeli. Mchwa wenye akili kweli, walianzia ukurasa wa mapato.

— Mtoa mada: Nimecheka hadi basi lakini ndo hivyo. Sikieni, kulikuwa na mama wa Kimarekani, Elinor Ostrom, alipata Nobel ya uchumi 2009 kwa kuchunguza mambo haya haya ya mali ya pamoja, malisho, mifereji, uvuvi. Kaeleza wavuvi wa Alanya, Uturuki, walivyoacha kugombania sehemu za kutega nyavu, kila Septemba walikuwa wanaokota kura kila mmoja anapata sehemu, alafu kila siku unahamia sehemu inayofuata upande wa mashariki mpaka Januari, baada ya hapo mnageuza kwenda magharibi mpaka Mei, kwahiyo kila mtu anapita penye samaki na penye mawe. Karatasi tu! Na ukizidisha siku, mwenye zamu yake anakukuta pale pale, haihitaji mlinzi. Kwahiyo mi siogopi simu wala daftari, naogopa nywila ikae kwa katibu peke yake. Masharti yangu ni kwamba kinachofutwa kibaki kinaonekana kimefutwa na nani, wenye viswaswadu wapate meseji, na kila Ijumaa orodha ichapwe ibandikwe ofisini, wasiojua kusoma wasomewe.

— Hiyo ya kubandika ndo ya maana, zingine mbwembwe.

— Swali. Huyo kijana aliyeitengeneza akipata kazi Dar?

— Mtoa mada: Aisee hapo ndo tulipokwama jana mpaka magharibi ikaadhiniwa. Yeye anasema programu ni huria, yeyote anaweza kuirekebisha. Yeyote nani sasa, maana hapa kijijini wanaoijua kompyuta ni yeye na mwalimu mmoja wa sekondari, na mwalimu kashapata uhamisho.