Papa anauliza kila jioni kama Bobi amekula. Nimjibu nini?

Binti wa Lac Vert
Jambo wandugu. Naishi na Papa upande wa Lac Vert, karibu na Goma, kwenye shamba tulilokulia. Mzee kichwa kimeanza kumponyoka: majina ya wajukuu anayachanganya, chakula cha mchana anakisahau kabla sahani haijaoshwa. Lakini Bobi hamsahau.

Bobi alikuwa mbwa wetu tulipokuwa watoto. Mweusi, mguu mmoja wa mbele mweupe, sikio limechanwa na waya. Ng'ombe alikuwa akiwarudisha zizini bila kuamriwa. Mbuzi akiingia kwenye maharage, anamzunguka akibweka mpaka atoke, meno hayamgusi. Papa akikamua, Bobi analala kando ya ndoo akingoja kuonjeshwa povu. Tulimpenda sana.

Alikufa kwa mazuku, ile hewa ya kuua inayojaa mabondeni. Alfajiri moja alitutangulia kwenye bonde dogo nyuma ya mikaratusi, akaanguka. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alitaka kumkimbilia, Papa akamkamata shati. Asingetangulia yule mbwa, tungeingia sisi.

Sasa kila jioni Papa anauliza: "Bobi amekula?" Yaya anamjibu ukweli, kwamba Bobi alikufa zamani. Mzee analia kama kapata habari leo, na kesho anauliza tena. Mimi nikimwambia "amekula", analala vizuri. Yaya ananilaumu kwamba namdanganya mzazi. Tena siku hizi Papa anaamka jua halijatoka, anafungua mlango, anaenda kumwita mbwa kule kule bondeni. Naomba ushauri.

Muuguzi wa Katindo
Dada, anza na mlango, mengine baadaye. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, inatuama mashimoni, na usiku mpaka alfajiri upepo ukikosekana inajaa. Mbwa, mbuzi na watoto wadogo wanaanguka wa kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Mzee akiinama pale kumtafuta Bobi, naye atavuta hewa ile ile. Weka komeo juu kabisa ya mlango, na mtu alale karibu awe tayari kufungua. Ukingoni mwa bonde jengeni ukuta wa mawe, ya lava hayakosekani kwetu. Na yeyote akimwona mtu kaanguka mle, asishuke kumfuata.

Kama kuchanganyikiwa kumezidi ghafla, apimwe malaria na mkojo. Kwa wazee wengi, ugonjwa wa mwilini unaonekana kwanza kwa kuchanganyikiwa. Baada ya hapo mpelekeni Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili, wamwangalie.

Katekista
Mimi niko na yaya. Mzazi hadanganywi. Mama yangu alikuwa akimuulizia marehemu baba, tukamwambia kwa upole, tukamshika mkono, akatulia.

Mama Furaha, Birere
Katekista, mama yako alitulia. Huyu mzee analia upya kila siku, ni msiba usioisha! Dada, usiseme amekula, wala usiseme amekufa. Muulize wewe: "Papa, Bobi alipenda chakula gani?" Mwache aeleze, na simu iwe inarekodi. Picha zetu zote zilimezwa na lava ya mlima Nyiragongo, Januari 2002. Watoto wangu wanamjua babu yao kwa sauti ya bibi akimsimulia.

Kijana wa Sake
Mleteeni mtoto wa mbwa, atafurahi.

Muuguzi wa Katindo
Pole pole. Mbwa mdogo anauma na kukwaruza, ngozi ya mzee ni nyepesi. Mkimleta, achanjwe kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3, na mrudie kila mwaka.

Binti wa Lac Vert
Asanteni sana. Mama Furaha, jana nilimuuliza kama ulivyosema. Akaeleza mpaka uji ukapoa: kumbe Bobi alitoka kwa mteja wa maziwa aliyeshindwa kulipa deni, akaletwa ndani ya kikapu cha viazi. Hata yaya hakuwa akijua. Alikaa akasikiliza, akaanza kuuliza na yeye. Mbwa mwingine hatuleti kwanza. Komeo fundi anakuja nalo. Muuguzi, kipimo cha mkojo ni mpaka hospitali kubwa?

Muuguzi wa Katindo
Hapana, kituo cha afya cha karibu kinatosha kuanzia. Mpeleke asubuhi, kabla hajachoka, na uende na yaya.