Pampu ya ombwe ya maji: inanyonya kidogo, kisha inarudisha maji

mrija15: Wakuu, nimefunga tii (kiungo cha mabomba chenye midomo mitatu) ya plastiki ya milimita 15 kwenye bomba, ili mkondo wa maji unyonye hewa ya chupani na kuacha ombwe. Maji yanaingia juu, yanatokea chini, mpira wa kunyonyea uko ubavuni. Geji inashuka kilopaskali 20 tu chini ya kanieneo ya hewa, na nikifunga bomba maji yanarukia kwenye chupa ya jaribio. Tatizo liko wapi?

nozeli_nyoofu: Tii tupu haifai. Kinachonyonya ni kasi, na humo maji hayabanwi popote. Ingiza nozeli ya tundu la milimita 2 kutoka juu, ncha iupite kidogo mdomo wa ubavuni. Milimita 3 hivi chini yake anza koo: mrija wa milimita 3 kwa ndani, urefu milimita 15 hadi 20, kisha upanuke taratibu. Nozeli ikienda upande hata kidogo, mkondo unagonga ukuta wa koo na maji yanapanda ubavuni. Kabla ya kugundisha, fungua maji bila koo: mkondo utoke kama sindano. Ukitawanyika, tundu lina mabaki ya plastiki, likwangue.

mrija15: Asante. Maji yataliwa kiasi gani?

nozeli_nyoofu: Kanieneo ya maji ya bomba ikiwa bar 3, takribani lita 5 kwa dakika. Unaweza kuyazungusha kwa ndoo na pampu ya umeme, ila ya tangi la samaki haina nguvu hiyo.

ombwe_kavu: Ukizungusha, angalia joto la maji. Hata pampu kamilifu haishuki chini ya kanieneo ya mvuke wa maji yenyewe: kilopaskali 1.2 kwa nyuzi 10, 2.3 kwa nyuzi 20, 4.2 kwa nyuzi 30. Ndoo ikipata joto, ombwe linaharibika, tupia barafu.

Kurudi kwa maji ni kawaida: bomba likifungwa, ombwe la chupani linavuta maji yaliyobaki. Weka chupa tupu ya mtego katikati, na valvu ya njia moja kama unayo. Valvu pekee nisingeiamini, uchafu kidogo tu unaiacha wazi. Ukimaliza, ingiza hewa kwanza, ndipo ufunge bomba.

Mpira uwe wa kuta nene, la sivyo unajibana. Chupa ya soda ya plastiki itabonyea. Kioo chembamba chenye kitako bapa usitumie kabisa, kinapasukia ndani. Tumia kioo kinene, na miwani ya kinga.

mrija15: Na ncha ya kalamu ya wino kama nozeli?

nozeli_nyoofu: Hiyo iache. Toboa kizibo cha shaba kwa keekee ya milimita 2.